Koti Jeupe la Daktari Asali

Asali aliliona koti jeupe kwenye kamba ya dobi, likipunga mikono kwa upepo kana kwamba linamwita. Asali si mtu wa kuitwa asiitike.

"Hilo la mtu," dobi alisema bila kuinua macho kwenye pasi.

"Kwani mimi ni mbuzi?"

Kufikia saa nne asubuhi alikuwa daktari wa mifugo. Masomo yalimchukua dakika ishirini, pamoja na muda wa kununua mpira wa kusikilizia moyo, wa plastiki ya waridi, kwenye duka la vitu vya kuchezea watoto. Mpango ulikuwa mwepesi: unaingia kwenye ua wenye mnyama mnono, unamkuta na ugonjwa wa kutisha, unaondoka naye kwenda kumlaza wodini. Wodi ilikuwa buchani, na mgonjwa aliyelazwa huko hakuwahi kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Kwenye nyumba ya tatu alimkuta ng'ombe wa kahawia, tumbo kama pipa, akigumia. Kando yake, juu ya kigoda, alikaa bibi mmoja, bega la kulia limefungwa kitambaa.

"Hodi, mama! Daktari wa mifugo. Leo natibu bure."

"Karibu, mwanangu. Anahangaika tangu alfajiri." Bibi alilitazama koti, hasa kiraka cha kiwiko.

Asali aliubandika mpira wake ubavuni, upande wa kulia, akafumba macho kwa huzuni. "Jikaze, mama. Ana homa ya mkia. Imeshapanda tumboni."

"Siku hizi tumbo la ng'ombe mnalisikilizia kulia? Zamani ilikuwa kushoto."

"Zamani hiyo. Sayansi imehama."

"Haya. Basi utamlaza?"

"Leo hii hii."

"Lakini ana ndama njiani. Si bora umzalishe kwanza, ukaondoka na wagonjwa wawili?"

Wawili! Asali alikunja mikono ya koti kabla hajafikiri. Bibi akasogeza ndoo ya maji na sabuni.

"Mimi bibi tu, sijui kitu," alisema, "ila nasikia madaktari huingiza mkono."

"Hadi wapi?"

"Nasikia hadi begani."

Asali akauingiza mkono, uso ameugeuzia mbinguni. Ndipo lango likafunguliwa, akaingia inspekta wa polisi na sare zake zote. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Asali alimwona polisi asikimbie. Mkono ulikuwa na shughuli.

"Ng'ombe wangu atapona?" inspekta aliuliza, akimpapasa ng'ombe shingo.

"Mguu mmoja wa ndama umekunjika nyuma," bibi alisema. Ghafla hakuwa bibi tu. "Wewe! Msukume ndama ndani kidogo. Shika kwato, ifunike na kiganja isije ikamchana mama yake. Ilete mbele. Taratibu! Sasa ngoja asukume mwenyewe, ndipo uvute."

Asali alivuta, akateleza, akalia, akavuta tena. Ndama alimwangukia kifuani, mlegevu, haamki, hapumui.

"Mtekenye pua kwa nyasi!" bibi aliamuru.

"Amka, mdogo wangu," Asali alinong'ona, na hapo hakuwa akimdanganya mtu. "Amka, nakuomba."

Ndama akampigia chafya usoni.

Inspekta alimkumbatia bibi. "Asante, daktari! Ulivyoteguka bega nilijua nimempoteza. Na huyu nani?"

"Msaidizi wangu mpya. Si unaona nimemvalisha koti langu?"

Asali alikitazama kiraka cha kiwiko. Alimtazama inspekta. Alitabasamu kwa meno machache iwezekanavyo.

"Koti likafuliwe," bibi alisema. "Kesho saa moja kamili kuna madume kumi ya nguruwe ya kuhasi, nyumbani kwa hakimu. Ukichelewa, inspekta atakufuata. Anapajua kwako?"

"Nitapajua," alisema inspekta kwa furaha.

Jioni Asali alifika kwa dobi, koti limebadilika rangi, ananuka zizi zima. Dobi aliweka pasi chini.

"Makubwa! Umepata nini huko?"

Asali alikaa kwenye gunia, akavua kofia kama aliyeleta habari za msiba.

"Kazi," alisema.