Nimewapelekea Watu wa Kamukuywa Joka

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena kupitia spika ya kanisa. Naandika nikiwa nyumbani Kitale, viatu sijavua, na bado sijaelewa vizuri kilichonipata.

Kwa wale msionijua, mimi ni fundi wa biogesi. Najenga ile mitambo ya kutia mavi ya ng'ombe shimoni, gesi inatoka, chai inapikwa bila kuni. Kazi nzuri sana. (Shida ni kwamba tangu mvua ianze sijapata hata shimo moja la kuchimba.) Kwa hivyo kikundi cha wafugaji wa Kamukuywa kiliponipigia simu, nilimshukuru Mungu. Wanachama kumi na watano! Leo ndiyo siku waliyopanga kuamua kama nitawajengea au la. Mke wangu nilikuwa nimeshamwambia kwamba kazi tumepata.

Sasa sikilizeni. Jana mchana nilikuwa natazama filamu kwenye TV. Nilipewa kwa flashi, moja ya zile ambazo dijei anaongea Kiswahili juu ya sauti za Wazungu. Ilikuwa ya wanyama. Ilikuwa ya majoka! Yale yenye mabawa, yanayotema moto. Wataalamu wenye makoti meupe wamelilaza moja mezani, wanalipima homa, wanahesabu meno. Wakaeleza kwamba joka hula nyasi na kucheua kama ng'ombe. Nyasi inachacha tumboni, inatoa gesi, gesi inakaa kwenye kifuko karibu na shingo. Joka likitaka moto linagonganisha meno, cheche inaruka, gesi inawaka.

Nilisimama sebuleni peke yangu. Hiyo ni biogesi! Huyo mnyama ni mtambo wangu wenye miguu!

(Najua mnachotaka kusema. Lakini mimi nimeona ng'ombe wakila majani mabichi wakafura tumbo mpaka daktari akaitwa. Gesi ya tumboni naijua. Halafu niambieni, nani atadanganya watu akiwa amevaa koti jeupe?) Stima ilipotea kabla filamu haijaisha. Sikujali. Nilikuwa nimepata nilichotaka.

Leo saa nne nikawa mbele ya kikundi. Tulikutana kanisani kwa sababu kuna TV kubwa ya kuonyesha maneno ya nyimbo. Mwenyekiti, Mama Naliaka, akanikaribisha. Nikaanza kwa sauti ya mhubiri.

"Kuna mnyama ambaye Mungu alimuumba na biogesi ndani!"

Nikawaeleza joka lote, kuanzia mdomoni hadi mkiani. Watu wakaanza kusogea mbele.

"Ati huyo mnyama anakula nyasi gani? Nepia?" akauliza mama mmoja.

"Nepia, hata majani ya mahindi," nikajibu. (Filamu haikusema chochote kuhusu mahindi. Hata mimi nilijishangaa.)

"Na anatoa maziwa?"

"Hapana, mama. Anataga mayai."

"Mayai na hakuna maziwa. Sasa si hiyo ni kuku?"

Nikachanganyikiwa kidogo, lakini nikasema ni kuku mkubwa kiasi. Mwalimu Wekesa, aliyestaafu juzi, alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari. Akainua kalamu.

"Fundi, una uhakika huyo mnyama yuko?"

"Mwalimu, nimemwona kwa macho yangu akipimwa homa."

Kabla hajanijibu, Mzee Simiyu aliyetoka Chwele akagonga mkongojo chini. "Si ndiyo ile nyoka kubwa ya pangoni kwenye hadithi zetu, babu zetu waliua, na kwa ushujaa huo tukaanza tohara? Walituambia imeisha. Kumbe iko bado!"

Hapo nikajiona nimefika. Mzee mwenyewe ameshuhudia!

"Basi weka hiyo filamu tuone," akasema Mwalimu.

Nikachomeka flashi, nikafungua pale pale stima iliponiacha jana, nikarudisha nyuma kidogo. Spika za kanisa zikanguruma. Joka likacheua. Joka likawasha moto. Mke wa pasta akasema, "Haleluya." Ndugu zangu, hapo ndipo ningezima. Lakini mimi nilikunja mikono nikasimama kando ya TV nikitabasamu, nikaiacha iendelee. Nilikuwa nahesabu mashimo kumi na matano kichwani.

Filamu ikaisha. Maandishi ya Kiingereza yakaanza kupanda. Halafu yule dijei wa filamu akachukua maikrofoni.

"Haya watu wangu, imeisha! Hapa wameandika, ngoja niwasomee. Wanasema mnyama huyu hajawahi kuwa duniani. Hao madaktari ni waigizaji, walikuwa wanatuchezea tu! Kwa hivyo wewe uliye huko Mlima Elgon, wacha kutafuta joka kwa mapango, bana!"

Nilishika rimoti nizime. Nikabonyeza kitufe kisicho chenyewe. Filamu ikarudi nyuma. "...mnyama huyu hajawahi kuwa duniani!" Nikabonyeza tena. "...hajawahi kuwa duniani!" Mwishowe nikang'oa flashi kwa mkono.

Kicheko nilichosikia hapo sijawahi kukisikia kanisani. Mama wa nepia alikuwa ameegemea benchi anapangusa machozi kwa leso. Mwalimu Wekesa alifunga daftari polepole, na hiyo iliniuma kuliko kicheko. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

"Lakini biogesi ni ya ukweli!" nikasema. Sauti ilitoka nyembamba.

Mama Naliaka hakucheka. Aliniangalia kwa huruma, jinsi unavyomwangalia mgonjwa.

"Fundi, hebu tuambie tu polepole. Hiyo biogesi umeiona?"

"Nimeiona, mama. Naijenga kwa mikono yangu."

"Inawaka?"

"Inawaka!"

"Uliiona na macho yako?"

"Na macho yangu!"

"Hata joka ulisema hivyo hivyo, baba."

Mimi mwenyewe kwa dakika moja nilianza kujiuliza kama biogesi ipo. (Iko. Nimepiga simu kwa mteja wangu wa zamani nikahakikisha. Aliniuliza kama niko sawa.)

Mama Naliaka akasema wapige kura, ili nisirudi Kitale bila jibu. Wanaotaka huduma ya fundi wainue mkono. Niliangalia benchi moja baada ya nyingine. Watu walikuwa wanaangalia viatu vyao. Halafu nyuma kabisa mkono mmoja ukapanda. Wa Mzee Simiyu! Karibu nilie. Nilienda mbio nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia asante mzee, Mungu akubariki, nitakujengea vizuri.

"Usijenge kitu," akasema. "Zizi liko. Wewe lete tu hiyo nyoka, na iwe ya kike."

Msicheke, tafadhali. Ameniomba namba ya simu nikampa, na sasa hivi simu inalia.