Timu Yangu ya Moyo wa Bibi

Jumatatu, 8 Desemba
Kliniki ya moyo, Bukoba. Daktari, mfamasia na muuguzi Renatha wamesema Bibi anatunzwa na timu. Nyumbani, timu ni mimi. Wametuazima mizani. Nimpime kila asubuhi kabla ya chai. Chumvi marufuku. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, maji yanajaa mwilini, miguu inavimba na moyo unazidiwa: nipige simu mara moja. Simu! Mimi ambaye shuleni hata "nipo" niliitika kwa kunong'ona.

Jumanne, 9 Desemba
Kilo 58. Mpango: niunde timu yangu hapa Maruku. Watu wazima, wenye sauti. Bibi akivimba, wapige wao. Nimewatumia ujumbe jirani yetu Ta Byabato, Evelyne wa kwaya na Shangazi Kokuberwa aliyeko Muleba. Waje kumkagua. Wote wamekubali! Hospitali wako watatu, sisi wanne.

Jumatano, 10 Desemba
Kilo 59. Wakaguzi wote wamefika: Ta Byabato na Evelyne jana jioni, Shangazi leo. Hakuna aliyeangalia miguu. Bibi kachangamka sana. Jioni akasema kwa Kihaya kwamba ndizi zangu zisizo na chumvi nimpelekee ndama.

Alhamisi, 11 Desemba
Kilo 60 na nusu. Nimefungia chumvi kwenye sanduku langu la shule, bado anapanda! Nikapekua chini ya mto wake wa kulalia. Senene wa kukaanga wa Ta Byabato, chumvi inang'aa. Dagaa wa Evelyne. Nusu ya samaki wa chumvi wa Shangazi. Bila shaka. Nani huenda kwa mgonjwa mikono mitupu? Timu yangu ndiyo imemvimbisha.

Bibi amelala ameketi, anahema kwa shida. Nikapiga. Renatha akapokea. Sauti yangu ikagoma. Bibi akaninyang'anya simu.

"Huyu mtoto ana aibu, waitu, mwanangu. Mwenye miguu iliyojaa ni mimi. Tunakuja."

Jumapili, 14 Desemba
Wamemwongezea dawa ya kutoa maji. Kilo 58. Analala vizuri. Renatha aliniambia taratibu kwamba timu ni kuambiana mapema, na wa kusema ni mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Mpango mpya: Kamati ya Kuzuia Zawadi za Chumvi. Wajumbe wanane. Mwenyekiti Ta Byabato, ndiye atakayepiga simu. Kikao cha kwanza Jumamosi, chumbani kwa Bibi. Si vizuri wajumbe wakae na njaa. Nimewaomba kila mmoja aje na kitu kidogo.