Matundu Mawili ya Amplifaya ya Mzee Amos

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeomba kabla ya kuandika, maana jambo lenyewe linataka maombi.

Jumapili ijayo ni sikukuu ya Kurudi Nyumbani hapa kanisani kwetu Cedar Lick. Waliohamia Birmingham, waliohamia Georgia, wote watakuja. Tutaabudu, kisha tutakula kwenye meza ndefu uani, jirani na makaburi ya wazee wetu. Na Mchungaji Ledbetter amesema wimbo wa wito, ule wa polepole watu wanapotoka mbele kutubu, utapigwa na gitaa moja tu. Ataamua Jumamosi kwenye mazoezi.

Wimbo ule ulikuwa wa marehemu Mzee Amos, baba yake mke wangu Nadine. Alipofariki ukaja kwangu, pamoja na amplifaya yake ya zamani, ya taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa ndani. Nadine alinikabidhi kwa sharti moja. Alisema, "Delbert, usiichokonoe. Ukiipiga namsikia Baba." Nikaahidi.

Sasa amekuja huyu Kendall Pruitt kutoka Huntsville. Mpole, ana adabu, sina neno baya juu yake. Ila ana ubao wa pedali za kugeuza sauti ya gitaa, zenye taa za rangi kama dashibodi ya ndege. Akipiga noti moja inapanda darini, inaitika, inarudi, inaitika tena kwa mbali. Akina mama wanafumba macho. Jana Dada Oleta alilia. Mimi Dada Oleta hajanililia hata nilipovunjika mguu.

Pedali ya mwangwi hata mimi ninayo. Shida ni kwamba nikiichomeka mbele, kati ya gitaa na amplifaya, mwangwi unaingia kwenye ukali wa zile taa, unasagwa, unatoka kama mtu anayesukutua. Nimesoma dawa yake. Mwangwi uingie katikati, sauti ikishaiva. Unatoboa matundu mawili nyuma: moja sauti inatokea kwenda kwenye pedali, jingine inarudia. Mawili tu. Nyuma, pasipotazamwa na mtu.

Huko si kuchokonoa. Ni kuifungulia dirisha.

Jumanne, 13 Agosti

Nimetoboa.

Nadine alikuwa kwa daktari wa meno. Nilikuwa nimemwambia nitasafisha taa za amplifaya. Si uongo, nilizipangusa.

Kabla ya kutia mkono ndani inabidi uondoe umeme uliobaki, maana mashine hizi hukaa na umeme hata ukishachomoa waya ukutani. Hilo nalijua vizuri. Nililikumbuka nikiwa nimekaa sakafuni upande wa pili wa gereji, kiatu kimoja hakipo. Bwana ni mwema.

Tatizo jipya. Sina soketi za kutia kwenye matundu. Wala sina taa ndogo ya ziada ya kuirudishia sauti nguvu ikishatoka kutembea. Duka la redio mjini lilifungwa, sasa wanauza vitanda. Nikiagiza, vitafika baada ya sikukuu. Kwa hiyo nina matundu mawili matupu yanayonitazama. Nimeyafunika kwa kalenda ya bure inayogawiwa na nyumba ya mazishi.

Nadine aliporudi aliuliza kalenda inafanya nini pale. Nikasema nataka kuwa karibu na tarehe. Mdomo wake ulikuwa na ganzi, hakuendelea.

Jumatano, 14 Agosti

Mungu hufungua mlango.

Redio ya kaunti ina kipindi cha kubadilishana vitu kila asubuhi. Unapiga simu, unasema una nini na unatafuta nini, mtangazaji Hoyt anakutania, anapokea mwingine. Watu wamepata trekta, mbwa wa kuwindia, hata kiwanja cha kuzikwa. Leo akina mama wote wako jikoni kanisani wakisugua masufuria ya Jumapili, na jiko lile halina redio. Hakuna wa kunisikia. Nikapiga.

Jina sikutaja, si mjinga. Nilisema nina amplifaya ya marehemu baba mkwe, nimeshaitoboa, natafuta soketi na taa. Natoa chupa za matunda ya pichi yaliyolowekwa kwenye siki na sukari, kazi ya mikono ya mke wangu, hakuna mfano wake kaunti nzima. Hoyt akauliza kama mke mwenyewe ana habari. Nikamwambia kaka, mama huyu hajui habari za pichi, hajui habari za matundu, na nyumba ina amani. Akacheka mpaka akakohoa.

Mzee Virgil Stamps wa ng'ambo ya mto alinipigia kabla chai haijapoa. Nikavuka na pichi kwenye kikapu. Alifungua chupa papo hapo, akala kwa vidole, akalamba na kifuniko. Kisha akasema, "Bwana, huyu mwanamke umemuibia." Nikasema tumebadilishana tu. Soketi zake na taa yake ni za zamani lakini nzima.

Jioni Nadine alishuka chini ghalani. Akapanda polepole. Pichi hazipo, zile alizoziweka kwa ajili ya meza ya Jumapili, za mavuno ya mwisho ya mti aliopanda baba yake. Akaniuliza. Nikasema labda amekosea hesabu. Akasema yeye hakosei pichi. Halafu akasema, "Ni Oleta. Wiki jana aliingia humo kuchukua sufuria."

Nilitaka kusema ukweli. Mdomo ukafunguka kabisa. Ukaomba mkate wa mahindi.

Alhamisi, 15 Agosti

Inafanya kazi!

Nilichomelea tangu asubuhi. Waya ule mzuri, wenye ganda la kuzuia kelele, uliniishia katikati ya safari. Nikamalizia kwa waya wa kawaida kutoka kwenye spika mbovu. Ni mrefu kidogo, umezungukazunguka mle ndani kama tambi. Lakini waya ni waya.

Nikapiga noti moja. Ikaondoka, ikazunguka bonde lote, ikarudi safi. Ng'ombe wa jirani aliacha kula. Nilikaa nikalia kidogo, peke yangu, nikamshukuru Mungu kwa hekima.

Kuna dosari moja ndogo. Soketi za Mzee Virgil hazijiungi zenyewe usipochomeka kitu. Ukitoa pedali, sauti inatokea mlango wa kwanza, haina njia ya kurudi, na amplifaya inakuwa bubu. Ila nani ataitoa pedali?

Nadine na Oleta hawaongei. Walikuwa wapike pamoja mayai ya kuchemsha na kujaza, kama kila mwaka. Sasa kila mmoja anapika yake, na Nadine amesema ya Oleta yatajulikana kwa harufu. Wameimba sauti ya pili pamoja tangu wakiwa mabinti. Nimewaandikisha wote wawili kwenye orodha ya maombi, mahitaji yasiyotajwa. Naamini Mungu ataingilia kati bila kunihusisha.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimepata wimbo.

Niliegemeza mgongo wa amplifaya ukutani ili matundu yasionekane. Kendall alitangulia, akapiga vizuri, kwa nini nikatae. Kisha nikapiga mimi. Mchungaji alisimama na kikombe cha kahawa, hakunywa. Akasema, "Ndugu Delbert, hiyo sauti imekuwa wapi siku zote?" Basi ikaamuliwa.

Kendall alinipa mkono. Akauliza nimepataje mwangwi safi hivyo kwenye mashine ya umri ule. Nikamwambia kwa maombi. Akaitikia kwa kichwa, mwenye heshima, mpaka nikaona aibu.

Nadine alikuwa benchi la nyuma. Nilipomuuliza ameionaje, alisema ni nzuri sana. Akasema tena nzuri, akaangalia mikono yake. Hakusema amemsikia mtu yeyote.

Jambo jingine. Nilipokuwa nakunja nyaya nilisikia sauti ndogo ya mwanamume ikitoka kwenye amplifaya, kama anazungumza chini ya mto wa kulalia. Nilidhani ni Mchungaji ofisini anajaribisha mahubiri. Baadaye nikaona gari lake lilishaondoka. Sikulifuatilia. Mnara wa redio ya kaunti uko kilimani nyuma ya kanisa na upepo pale huvuma namna nyingi.

Jumapili, 18 Agosti

Naandika nikiwa gerejini. Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Kanisa lilijaa mpaka viti vya kukunja vikaisha. Mchungaji alihubiri juu ya mwana aliyerudi nyumbani. Akamaliza, akaomba kila kichwa kiiname, kila jicho lifungwe, tutulie mbele za Mungu. Baada ya kimya hicho ndipo nianze. Nikapandisha sauti ya amplifaya juu kabisa, tayari.

Kukawa kimya. Ndipo amplifaya, huyo Mzee Amos wa mbao, ikaongea kwa sauti ya Hoyt.

Hoyt alisema karibuni tena kwenye marudio ya wiki, yale yaliyotuvunja mbavu. Sikujua kuna marudio. Tangu nizaliwe sijawahi kusikiliza redio Jumapili asubuhi, niko kanisani. Kumbe ule waya wa tambi ulikuwa unadaka mawimbi ya mnara wa kilimani kama nyavu. Kabla sijafika kwenye swichi, ikafuata sauti yangu. Safi. Yenye mwangwi.

Nimeshaitoboa, toboa, toboa. Pichi za mke wangu, wangu, wangu. Mama huyu hajui, hajui, hajui.

Vichwa viliendelea kuinama. Mabega ndiyo yaliyoanza kutikisika.

Nilizima, nikawasha kwa kukosea, nikazima tena. Nadine alikuwa amesimama. Akatembea njia ya katikati mbele ya watu wote wa Birmingham na Georgia, akaivuta amplifaya kutoka ukutani, akainama akaangalia nyuma. Akagusa tundu moja kwa kidole, halafu la pili. Nilipigwa na umeme Jumanne. Ulikuwa nafuu.

Akasema kwa sauti ya chini, "Toa hayo madude. Ipige kama Baba."

Nikachomoa pedali, nikawasha. Nikapiga. Hakuna kitu. Bubu, kama nilivyojua itakuwa. Nikasimama mbele ya kanisa na gitaa lisilo na sauti na sikuwa hata na sala.

Kendall ndiye aliyekuja. Aliangalia yale matundu mara moja tu, akaelewa. Akarudi kwenye ubao wake, akang'oa kiwaya kifupi kinachounga pedali mbili, taa zake zote zikazimika. Akapiga magoti akakiunganisha kutoka tundu hadi tundu. Akaninong'oneza, "Maombi, eh?" Akarudi kukaa.

Nikashusha sauti ili Hoyt asipenye, nikapiga wimbo wa wito mkavu, bila pambo lolote. Ile sauti ikatoka. Nzito, ina mchanga kidogo kooni, inachelewa kama mzee anayeinuka kwenye kiti. Nadine alifunika uso. Kisha akaenda mpaka benchi la Oleta, akasema neno sikulisikia, na Oleta akasema kwa sauti kila mtu akasikia, "Nilikwambia mimi pichi zako hata sizipendi." Wakatoka mbele wakiwa wameshikana, wanacheka na kulia. Watu wengi walitoka mbele leo. Mimi ningetoka, ila nilikuwa napiga.

Kwenye meza uani, mahali pa pichi, Nadine aliweka chupa tupu, imeoshwa vizuri, na kijiko pembeni. Kila aliyepita alisimama akaitazama, kisha akanitazama mimi. Oleta alinipa yai moja la kujaza. Lilikuwa tamu sana.

Jumatatu, 19 Agosti

Nadine ameongea. Amesema matundu yabaki hivyo hivyo, wazi, ili kila nikikaa kupiga niyaone. Amesema pia nilimpiga Baba yake vizuri jana. Kisha akanipa orodha ya kazi za nyumba itakayonifikisha Krismasi. Nimeipokea kwa moyo wa shukrani.

Nimetubu kwa kweli, nimejinyenyekeza, nimetafakari usiku kucha na nimepata fundisho. Fundisho ni kwamba ule waya ulitakiwa uwe wenye ganda.

Maana tuseme ukweli mbele za Mungu: matundu yapo. Mwenyewe amesema yabaki. Nikipata waya wa ganda, na swichi ndogo ya kuchagua mwangwi au Mzee Amos, kila mtu atafurahi, Nadine kuliko wote. Swichi itahitaji tundu la tatu. Dogo.

Mzee Virgil hana waya wa aina hiyo, nimeshamuuliza. Itabidi kipindi cha redio. Sauti yangu sasa inajulikana kaunti nzima, kwa hiyo nimemwomba Kendall anipigie simu yeye, maana sauti yake bado ngeni. Amesema atafikiria. Alikuwa anacheka, nadhani ni furaha ya kushirikishwa.

Nadine amepika jamu ya tini. Chupa zinapoa dirishani, nzuri mno, zinapenyeza mwanga.

Kuhusu yale marudio ya Jumapili, nimeyawaza pia. Jumapili asubuhi sote tuko kanisani. Nani atasikia?