Siri ya Supu ya Ugenini

Jumatatu, 4 Agosti
Tumefika ng'ambo. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mama mkwe aliyestaafu uuguzi, na shemeji kinyozi, ambaye sijui nani alimwalika. Wao wamekuja kutembea. Mimi nimekuja kazini. Mgahawa wangu nyumbani umebaki na wateja watatu, na mmoja huja kuchaji simu tu. Mke wangu ameshasema: Desemba ikifika hali ni hiyo hiyo, pale anapewa kaka yake afungue saluni. Saluni! Penye jiko langu!

Jioni tulikula kwa mama mmoja mwenye kibanda jirani na tulipofikia. Supu. Nilionja, nikaweka kijiko chini. Mke wangu akauliza kama naumwa. Siumwi. Nimeuona wokovu wangu, uko ndani ya sufuria ya mtu.

Mama mkwe akasema si nimuulize tu mpishi anavyoipika. Nilicheka kwa adabu. Maskini, biashara haijui. Mimi mwenyewe hufunika sufuria nikisikia tu hatua za mteja.

Jumanne, 5 Agosti
Nilifungasha supu, nikaichuja chumbani ili nichunguze viungo. Chujio sikuwa nalo. Nilitumia soksi ya shemeji, tena safi. Nimepata majani, mbegu mbili na nyuzi za buluu. Nyuzi nina wasiwasi nazo. Shemeji amenuna. Mtu mzima na ndevu zake analilia soksi!

Wenzangu walishinda sokoni wakinywa juisi ya matunda nisiyoyajua. Wamerudi wanaisifu mpaka kero. Mimi nilikuwa na soksi yangu.

Jumatano, 6 Agosti
Nilipanda kreti la soda nichungulie dirisha la jikoni. Mpishi akanikuta. Mwingine angekimbia. Mimi nilinyakua sahani chafu nikaanza kuisugua. Mama wa watu alifurahi, akanivika aproni yenye maua.

Niko ndani! Akili ninayo, waseme wasemavyo. Kasoro ni moja tu: sinki limetazama ukuta, na sufuria iko nyuma yangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Bado naosha. Nikigeuza shingo tu, naletewa sahani nyingine. Ukuta nimeukariri, una nyufa saba. Shemeji amekula bakuli tatu, kisha akanionyesha kwa ishara kwamba kijiko chake hakikutakata.

Mama mkwe naye alijikaribisha jikoni. Lugha hawaelewani, lakini yeye na mpishi waliongea kwa mikono mchana kutwa, wakicheka kama waliolelewa nyumba moja. Mgongo wangu ulisikia kila kitu na haukuona chochote. Inaniuma, sitaficha.

Ijumaa, 8 Agosti
Uwanja wa ndege. Vidole vyangu vimenyauka kwa sabuni.

Mama mkwe ametoa daftari. Supu yote imo! Kipi kinatangulia, kipi kinafuata, hadi moto ameuchora ukubwa wake. Kumbe alimwuliza mpishi kwa ishara tangu Jumatatu, nilipokwenda kunawa mikono. Mpishi alimwonyesha kila kitu, na juu ya hayo akamfungia mfuko wa viungo. Mama mkwe akachana karatasi akanipa, akasema mwanangu chukua, ukaokoe mgahawa wako.

Nilimshukuru, nikaikataa. Mimi si mtoto. Siri ya biashara itolewe bure, tena kwa tabasamu? Hiyo ni ya kupumbazia wageni. Ya kweli wamegawana wao wawili pale nyuma ya mgongo wangu.

Karatasi ameichukua shemeji. Anasema wateja wa saluni yake watakuwa wanakunywa supu wakisubiri zamu. Mke wangu amelipenda wazo hilo. Wamekwisha, wote wawili! Wameangukia karatasi ya bandia, na mimi nimekaa kimya.

Tumeitwa kupanda ndege. Nimeomba kiti cha pembeni ya mama mkwe. Mkoba wake una zipu mbili. Akisinzia tu, naanza na ya kushoto.