Mhandisi wa Avenue Masuku

Siku ile karani wa mairie ya Likasi aliposimama sokoni na kipaza sauti chake kutangaza maamuzi ya baraza la mji, watu walimsikiliza kwa adabu ile ile wanayompa mlevi anayeimba. Baraza limekubali ombi la mama mmoja la kupanua kioski. Baraza limekataa ombi la bwana mmoja la kulima mahindi katika uwanja wa mpira. Na baraza limeamua kwamba avenue Masuku, kule Kikula, itanyooshwa, itapanuliwa na kuchimbiwa mtaro wa maji ya mvua, mara bajeti itakapopatikana. Kusikia neno bajeti, soko zima likaangua kicheko, na karani mwenyewe, ambaye alikwisha kusahau sura ya mshahara, akacheka nao.

Mtu mmoja tu hakucheka. Clovis Kaumba alikuwa kando ya meza ya samaki wa ziwa Tshangalele, ametoa macho, amesahau hata kujifanya anataka kununua.

Clovis alikuwa kijana mtanashati, viatu vinang'aa, mfuko umetoboka. Zamani alikuwa tarishi wa mairie, kazi yake kufungua mlango wa chumba cha mikutano na kuufunga. Walipomrudisha nyumbani hakuondoka na kitu, ila sauti. Alijua jinsi wakubwa wanavyozungumza: pole pole, na kikohozi kidogo kabla ya habari mbaya. Mtu mwenye sauti ya namna hiyo na njaa ya namna ile, tusimlaumu haraka.

Isitoshe, alikuwa anapenda. Kule Lubumbashi kulikuwa na Chérie, na Chérie alikuwa na mjomba, Papa Lambert, mzee mwenye koti na hesabu kali. Papa Lambert hakutaka noti. Miaka ile noti uliyolala nayo tajiri uliamka nayo maskini. Alitaka mbuzi, baiskeli, magunia ya unga na mabati ya kuezekea. Clovis akivipata, Chérie ni wake. Asipovipata, kuna mfanyabiashara wa Kasumbalesa aliyekwisha kununua suti ya harusi.

Kwa hiyo Clovis akatafuta kofia ya chuma ya kiwandani, mkebe wa rangi nyekundu, na miguu mitatu ya kamera kwa rafiki yake mpiga picha. Juu ya miguu hiyo akafunga kopo la maziwa lililotobolewa huku na huku. Akaenda avenue Masuku, akachungulia ndani ya kopo kwa huzuni kubwa kama mhandisi anayepima barabara, akatikisa kichwa, kisha akaanza kupaka misalaba myekundu kwenye kuta za nyumba. Hakuna mtu wa Likasi aliyehitaji kuelezwa maana yake. Msalaba mwekundu ukutani ni nyumba ya kubomolewa.

Wa kwanza kumkimbilia alikuwa Papa Barthélemy, mwenye duka. Ukuta wa duka lake ulikuwa na tabia ya kutembea. Kila mwaka ulisogea kidogo barabarani.

"Monsieur l'ingénieur, kuya kwanza hapa. Hii croix mu mur yangu, ni ya nini?"

Clovis akakohoa kidogo. "Ni ile décision ya mairie, papa. Mur yako ilisha kuingia mu barabara. Itaanguka."

"Na barabara, haiwezi kujikunja kidogo?"

"Ikijikunja, itaangukia nyumba ya ule mama wa ng'ambo."

"Mama Delphine? Ah, ule ni mujane. Mungu atamusaidia."

"Mungu, sawa," akasema Clovis, akilipapasa kopo lake. "Lakini appareil yangu nayo inaomba musaada."

Jioni ile Papa Barthélemy akatoa baiskeli yake na magunia ya unga, msalaba ukafutika kwenye ukuta wake. Wengine hawakukawia. Huyu alileta mbuzi ili barabara imwelemee jirani wa kulia; yule mabati ili imwelemee jirani wa kushoto. Kila mmoja alikuja peke yake, kwa siri, na kila mmoja aliondoka akimhurumia jirani yake kwa moyo safi. Clovis aliona kwamba kama barabara ingepita kote ilikolipiwa ipite, ingefanana na nyoka mwenye tumbo la kuuma.

Mbuzi lakini hafichwi mfukoni. Clovis akaenda kwa Mama Delphine, mjane wa fundi wa kiwanda, ambaye mume hakumwachia kitu ila nyumba ile.

"Minye sina kintu ya kukupa, monsieur l'ingénieur," akasema mama. "Niko paka na hii nyumba, hii moja tu."

"Unipe paka chumba kimoja cha kuweka bintu ya mairie, mama. Samedi camion itakuya kubeba yote. Hapo njo nitaifuta croix ya mur yako."

Mama Delphine akakubali, akashukuru, akamfungia mbuzi uani. Alipopokea baiskeli akaitazama kitambo. Avenue nzima iliijua baiskeli ile kwa tandiko lake la ngozi ya swala. Akatazama ng'ambo, akaona ukuta wa Papa Barthélemy umeoshwa ukawa mweupe. Akautazama wa kwake. Kisha akamkaribisha ingénieur maji ya kunywa.

Jumapili, Clovis alipokuwa amelala, Mama Delphine alisimama kanisani wakati wa matangazo, baada ya zile habari za ndoa.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Clovis alikuja avenue Masuku amevaa vizuri, akipiga mluzi. Lori la kubeba mahari lilikuwa njiani kutoka Lubumbashi, na ndani yake Papa Lambert mwenyewe, maana mzee yule hakuwaamini madereva. Clovis akakunja kona, mluzi ukamkatikia mdomoni. Barabara ilijaa watu. Wanaume wenye majembe, vijana wenye sululu, akina mama wenye mabeseni vichwani.

"Bonjour, monsieur l'ingénieur!" wakamsalimu kwa pamoja. "Tuko tunakungojea!"

Akapenya mpaka uani kwa Mama Delphine. Sufuria kubwa za matanga zilikuwa motoni. Kamba ya mbuzi ilikuwa imelala chini, haina mbuzi wa kumfunga.

"Mama, ile mbuzi..."

"Iko mu sufuria."

"Na unga?"

"Bukari haipikwe na muchanga, papa. Weye njo unaita bantu mu kazi. Muntu anaita bantu mu kazi, anabalisha. Ao ku kwenu hamufanyake vile?"

"Minye nilibaita?"

"Minye nilibaita dimanche, mu jina yako." Akafunika sufuria, akasogea karibu, akashusha sauti. "Sikiya, mutoto. Nikisema weye ni mwizi, batakupiga, kila muntu atarudisha kintu yake, na mvua itaingia tena mu chumba yangu mupaka ku kitanda. Nikisema weye ni ingénieur, tuko na mutaro. Chagula."

Clovis alitamani kulia, na hatumchekei kwa hilo. Aliona mahari ya Chérie ikichemka, na vitunguu ndani yake. Lakini nje majembe yalikuwa mengi na uzio ulikuwa mrefu. Akavaa kofia yake ya chuma, akatoka.

Mama Delphine akamfuata na kamba ndefu mkononi. Akauliza kwa sauti ya kusikika mwisho wa avenue: "Monsieur l'ingénieur, mairie ilisema barabara inyooke. Utuonyeshe inapita wapi."

Papa Barthélemy alimkazia Clovis macho hadi yakamtoka machozi. Aseme nini? Kwamba amelipa ili nyumba ya mjane ianguke? Clovis akachungulia ndani ya kopo la maziwa, akakohoa kile kikohozi kidogo, na akanyoosha mkono. Kamba ikavutwa. Ilinyooka safi, ikaiacha nyumba ya Mama Delphine pembeni kabisa, ikapita katikati ya ukuta wa duka. Vijana waliuangusha kwa furaha ambayo si ya kikristo.

Wakachimba. Baiskeli ilibeba mchanga mpaka gurudumu likapinda. Mabati yalikunjwa yakawa bomba la kupitisha maji chini ya njia. Kila mtu alitambua bati lake, na kila mtu aliendelea kuchimba. Aliyemleta mbuzi alipewa paja, akalitafuna akitazama pembeni.

Mchana lori likafika. Papa Lambert akateremka na koti lake, akaona umati, akaona mtaro mrefu umenyooka, akaona watu wanamuuliza mkwe wake mambo ya mteremko.

"Clovis? Ule wa kufungula milango?" akanong'ona. "Ule ni ingénieur wa kweli?"

Aliyesimama karibu alikuwa Papa Barthélemy, mwenye vumbi la ukuta wake kichwani. Akafikiria baiskeli. Mtu anaweza kukubali kwamba amemlipa ingénieur. Kukubali kwamba amelipa kopo la maziwa ni shida nyingine.

"Wa kweli kabisa," akasema kwa uchungu.

Mama Delphine akamketisha mzee, akamletea ugali wa bukari na nyama, na munkoyo wa kushushia. Papa Lambert akala sahani, akaongezwa, akala tena. Akafuta mdomo, akakumbuka mahari.

"Bon. Sasa ile mbuzi ya dot iko wapi?"

Clovis akafumba macho.

"Papa," akasema Mama Delphine kwa heshima, "ulisha kuikula. Avenue muzima ilikuona."

Akina mama wakapiga vigelegele papo hapo, maana nani asiyejua? Wakwe wakisha kula mbuzi wa mwoaji mbele za watu, wamekubali. Papa Lambert akautazama mfupa mkononi mwake. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu anayejua biashara.

"Muzuri. Nilikula, sikatai. Clovis, Chérie ni bibi yako."

Clovis aliruka. Alimkumbatia mzee, alimkumbatia dereva wa lori, karibu amkumbatie Papa Barthélemy.

"Lakini ngoja kwanza," akasema Papa Lambert. "Ile dot tulipatana ilikuwa ya messager, wa kufungula milango. Baiskeli, mabati, ni ya messager. Minye sikujua kama mutoto wangu anaolewa na ingénieur. Dot ya ingénieur ni ng'ombe."

Clovis akafungua kinywa kusema ukweli. Ulikuwa umefika kwenye ulimi, umevaa, uko tayari kutoka. Akawatazama watu wa avenue Masuku, wameegemea majembe yao, wanatabasamu, wanamngojea ajibu.

"Ndiyo, papa," akasema. "Ng'ombe."