Hotuba ya Kuzindua Kiwanda cha Vitufe Vitupu Ndani ya Wodi ya Wazazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Juu, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa kamati hiyohiyo, wenza wao waheshimiwa, wakuu wa idara, wasaidizi wa wakuu wa idara, mkunga wetu mpendwa, na ninyi wengine mliosimama juani, itifaki imezingatiwa. (Makofi, mstari wa mbele.)

Leo, kwa unyenyekevu nilionao, ambao wengi wameusifu, ninazindua Programu ya Vitufe Vitupu, yaani tone la kimiminika linadondoshwa kwenye mnara wa joto, ngozi inakauka kwanza, tumbo linabaki tupu, kinatoka kitufe kidogo kuliko chembe ya unga, vyote saizi moja, vya kubebea dawa mwilini, na kwa mujibu wa utafiti wa fizibiliti niliouongoza mwenyewe, ulinganifu wa vitufe vyetu umefikia asilimia mia moja na nne. (Mtu anacheka. Anatazamwa. Anaacha.)

Wapo wanaolalama eti tumechukua wodi ya wazazi. Ndugu zangu, teknolojia inahitaji paa! (Mkunga: "Mheshimiwa, jana mkwe wangu kajifungulia kwenye ngazi za ofisi yako. Wodi yetu mnairudisha lini?") Mama, hongera kwa mjukuu, lakini tusichanganye mambo, kitufe hiki ndicho kitakachompelekea mjukuu wako dawa hadi kwenye mshipa. ("Apate kitanda kwanza!" Makofi makubwa, mistari ya nyuma.) Nashukuru kwa kuniunga mkono.

Tunayo stratejia, tunao mfumo shirikishi, tunayo bajeti iliyokwisha kutumika kwa ufanisi. Tone moja! (Wasaidizi: "Kitufe kimoja!") Kitufe kimoja! ("Kiongozi mmoja!")

Mwisho, shukrani. Namshukuru fundi bomba, mtu mwelewa sana, aliyekubali kutoziba bomba linalovuja mle wodini mpaka wafadhili wamalize kupiga picha, maana matone waliyoyasifu kwa kulingana ni hayohayo, na mashine yenyewe hatukuwahi hata kuiagiza. (Mkunga anatoa mkasi wake wa kazini, anakata utepe mlangoni, anaingia. Mistari ya nyuma yote inamfuata, na vitanda vilivyotolewa wodini mabegani.)

Mama! Utepe huo ni wa kukatwa na mimi! Jamani, rudini, bado kuna picha ya pamoja! (Mlango unafungwa kwa ndani.) Ahsanteni kwa kunisikiliza.