Umri Wangu na Mpira wa Daktari Evodius

Jumatatu, 1 Agosti 1983

Siku kubwa! Mwanajuma amekubali! Kaka yake, Zahoro, atakuja kutoka Kisarawe Jumapili ya tarehe 14 tupatane mahari. Sharti la Mwanajuma ni moja tu: haolewi tena na mzee. Marehemu mumewe alikuwa mzee, alimuuguza miaka minne hadi akamzika, basi imetosha. Nimemwambia nina miaka arobaini na sita. Umri wangu halisi siuandiki hata humu. Daftari huanguka, watu huokota.

Mchana, mkutano wa kijiji. Mimi ndiye karani wa kijiji chetu cha Janga, kwa hiyo nilikaa mezani. Daktari Evodius alikuja na mpira mweusi mrefu, wenye taa kwenye ncha. Akaeleza kuwa unapitishwa njia ya haja kubwa, anachungulia utumbo mpana, na akiona kinyama anakikata kabla hakijawa saratani. Wanaume wakashika viti. Anawataka waliotimiza hamsini, na yeyote anayeona damu chooni. Nikatazama dari. Hamsini hainihusu!

Shomari, rafiki yangu tangu utotoni, akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Jumanne, 2 Agosti

Shomari amekuja ofisini, akafunga mlango. Anaona damu tangu kabla ya mfungo. Anadhani ni bawasiri. Alhamisi anakwenda hospitali kuchunguzwa. Nikampongeza.

Halafu nikaganda. Anayeandikisha wagonjwa mlangoni ni Mwanajuma! Ni mhudumu wa wodi ya Daktari Evodius, anaandika jina na umri. Na Shomari hajui alizaliwa lini. Akiulizwa umri husema muulizeni Saburi, yaani mimi, tuliingia jando siku moja. Janga nzima inajua hilo. Mwanajuma hajui, kwao Kisarawe. Na Shomari ana mvi kichwa kizima! Zangu nazipaka piko.

Lazima asiende. Nikamwambia mpira ule ni mrefu kama kutoka ofisini hadi kisimani. Nilidhani atatetemeka. Akatoka, akapima kwa hatua, akarudi anacheka: kumbe ana utumbo mrefu hivyo! Amewasimulia wote kisimani.

Jioni nikafungua rejista ya kijiji nirekebishe mwaka wangu wa kuzaliwa. Nikaukwangua kwa wembe. Karatasi ikatoboka. Sasa kwa mujibu wa serikali sijazaliwa.

Jumatano, 3 Agosti

Mpango mpya, safi kabisa! Daktari ameagiza wa kesho wasile kitu leo, ila maji na chai ya rangi. Mchana wanywe haluli, utumbo usafike. Usiposafika, mpira hauoni kitu.

Nikampelekea Shomari chungu cha njugumawe za nazi na papa mkavu. Shomari hajawahi kukataa njugumawe. Nikamwambia maagizo yale ni ya watu dhaifu. Alikula akaramba mwiko. Haluli akaisahau. Akili hizi nimezitoa wapi!

Alhamisi, 4 Agosti

Imefanikiwa! Shomari alirudi saa nne. Hata mlangoni hakufika. Daktari alipita kwenye foleni akiuliza kila mtu amekula nini, na Shomari hajui kusema uongo. Alisifia hata nazi. Daktari akamkaripia mbele ya watu, akamwambia arudi Jumamosi akiwa msafi. Shomari ameona aibu, ameapa harudi tena. Nilicheza peke yangu nyuma ya ofisi.

Jioni nikamfuata kisimani tupige soga. Alikaa chini mara tatu kabla ya kujaza ndoo moja. Nikamvuta kope la chini nione. Ndani jeupe kama karatasi, damu hakuna. Akasema ni uzee tu.

Sikuweza kula. Jandoni nililia kwa sauti, na Shomari akaimba kwa nguvu zote ili kilio changu kisisikike. Hadi leo hajamwambia mtu. Nami nimemlipa kwa chungu cha njugumawe. Naogopa. Huyu akifa, nitakuwa nimemuua mimi.

Ijumaa, 5 Agosti

Alfajiri nilikuwa mlangoni kwake na pakiti ya haluli. Akakataa. Nikabembeleza. Akakataa. Nikatishia kumpeleka kwa mwenyekiti wa kijiji kwa kuhujumu afya. Mwishowe akasema atakunywa nikinywa naye. Jando pamoja, haluli pamoja.

Nikanywa! Chungu ajabu! Saa moja haikuisha. Choo kimoja, wazee wawili. Namaanisha watu wazima wawili. Alinitangulia mara tano, mara zote tano nikaishia kwenye mihogo yake. Msikitini hatukuthubutu kwenda.

Lakini kichwa bado kinafanya kazi. Kesho nitamfikisha getini hospitali, kisha nitajificha ndani ya lori litakalotupeleka.

Jumamosi, 6 Agosti

Hakuna lori! Dereva alitushusha akaenda zake Maili Moja. Shomari hana nguvu, kaning'ang'ania mkono hadi mlangoni. Na mezani, Mwanajuma!

Akamuuliza Shomari umri. Shomari akasema muulize Saburi, tuliingia jando siku moja, yeye mbele yangu kwa kuwa ni mkubwa. Mwanajuma akanitazama kichwani. Piko ilikuwa imeanza kutiririka kwa jasho. Ningeweza kusema simjui mtu huyu. Lakini Shomari alikuwa ameegemea ukuta macho kayafumba, na foleni haisogei mpaka umri uandikwe. Nikasema. Hamsini na saba. Haya, nimeiandika.

Mwanajuma akauandika umri huo mara mbili, wa Shomari na wangu. Kisha, mwanamke ambaye wiki nzima ameniita Saburi, akanisalimu upya: shikamoo. Nikaitika marahaba! Mdomo mpumbavu!

Kwa kuwa nilishakunywa haluli na jina limeandikwa, nikachunguzwa pia. Sikufa. Utumbo wangu safi! Shomari ndiye aliyekutwa na kinyama, mfano wa uyoga wenye kikonyo, nacho ndicho kilichokuwa kinavuja damu. Daktari akakinasa kwa kitanzi cha waya, akakikata. Kinapelekwa Dar kupimwa kama kimeshageuka saratani. Majibu wiki ijayo. Wiki nzima!

Jumamosi, 13 Agosti

HAKIJAGEUKA! Daktari amesema kingeachwa kingegeuka, tumekiwahi. Shomari atapona! Anywe vidonge vya kuongeza damu, arudi mwakani achunguliwe tena. Nilimkumbatia daktari hadi miwani yake ikaanguka.

Nikamweleza Shomari njugumawe zile nilizipika kwa nia gani. Nilidhani atanipiga. Akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza kama zimebaki.

Mwanajuma alinisubiri getini. Akasema umri ameuona, piko ameiona, na ameona pia nani alimshika mkono mwenzake. Mtu wa namna hiyo anaweza kuishi naye hata akiwa mzee. Kaka yake anakuja kesho kama tulivyopanga. Ataniuliza umri, na nimjibu ukweli. Mwanajuma hana sharti lingine. Jamani! Nilirudi nyumbani nikiimba!

Jumapili, 14 Agosti

Zahoro alifika saa tano. Mtu mpole, kanzu imepigwa pasi. Chai ya tangawizi, vitumbua vya moto, Mwanajuma ananitabasamia. Mambo yote yamenyooka!

Zahoro akasema yeye ana miaka hamsini na tatu, je, mwenzake? Nikafikiri haraka. Nikimzidi, shemeji mkubwa itabidi aniamkie mimi ninayemwoa dada yake. Mgeni gani atafanyiwa hivyo? Ni adabu tu. Nikasema hamsini na mbili.

Mwanajuma akaweka kikombe chini. Waliondoka, vitumbua havijapoa.

Nimekaa peke yangu, nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona. Hamsini na mbili ni nyingi mno! Lazima mwanamke ashtuke. Shomari anasema kuna mjane mwingine Maili Moja, na wiki ijayo atanipeleka. Huyo nitaanza naye kwa arobaini na nne.